Nani Alilala Hapa

Nilipewa kishikwambi, kizibao cha manjano,
na kitambulisho chenye picha yangu ya uso wa mtuhumiwa.
Nikapangiwa Shanty Town, Moshi,
mimi wa Njoro, wa vyumba sita ua mmoja
na foleni ya ndoo mlango wa choo.
Mkufunzi akacheka: "Umepata mteremko, Ndeanasia.
Kule watu wachache, mbwa wengi."

Mbwa hatuhesabu.

Swali ni lilelile, kwa mwenye geti na asiye na mlango:
nani alilala hapa usiku wa kuamkia sensa?

Nyumba ya kwanza. Vyumba vinane, madirisha yamefumba.
Akatoka binti anafuta povu kwa kanga.
"Nililala mimi."
"Na nani?"
"Na taa za nje."
Wenyewe wako Dubai, huja Desemba
kwa msururu wa magari kama wamefuata mahari,
wanachinja, wanapiga picha, wanaacha mafuta kwenye kuta.
Jina lake Tatu, wa Kondoa.
Nikaandika: Tatu.
Jumla ya watu: mmoja.
Kishikwambi hakikucheka.

Nikauliza njiani jina la mtaa lilitoka wapi.
Fundi bomba akasema waliojenga walilala vibandani,
vibanda vikaondoka, jina likabaki.
Mama wa duka la dawa akasema Mzungu fulani alikuwa anatania.
Muuza maziwa akaegesha baiskeli kwanza, kisha akasema:
"Mtoto aliyetanguliwa na misiba huitwa Jalala
ili kifo kimdharau, kipite.
Na huu ndivyo ulivyopita
kila zama iliyokuja na hasira."
Hakuna aliyekuwa na ushahidi.
Nilimwamini wa maziwa.

Bibi Aikaeli alinikaribisha kwenye nyumba ya bati jekundu,
sakafu inang'aa, inanuka nta na paka.
"Andika," akasema, kana kwamba fomu yangu ina nafasi.
"Ilijengwa na Mgiriki wa mkonge. Akaondoka, akaacha piano.
Baada ya Azimio akaingia Bwana Shamba,
kuku wake wakatagia ndani ya piano,
kila asubuhi, yai na noti mbili tatu.
Kisha sisi, mume wangu akiwa wa mzani wa kahawa,
bei ikiwa bado bei.
Sasa mwanangu anataka kuvunja
aweke vyumba vya wapanda mlima."
Akanimiminia chai bila kuuliza sukari.
"Usitafute historia yetu ardhini, mwanangu.
Hapa tunaishi, tunapaka rangi, tunagombana kuhusu uzio.
Tukifa tunapandishwa Kibosho, Marangu, Machame,
kila mmoja kwenye migomba ya kwao.
Chini ya mtaa huu hakuna mtu."

Nilikanyaga zile jakaranda kwa adabu mpya,
ingawa hakukuwa na wa kumheshimu.

Geti la mwisho, saa kumi na moja, mlima umejifunika.
Mlinzi anaitwa Mbonea, koti la jeshi lisilo la jeshi.
"Ulilala hapa?"
"Mimi? Nililipwa nisilale."
"Nyumbani Same walikuandika?"
"Mke wangu alimwambia karani niko Moshi."
Nikatafuta kisanduku cha aliyekesha.
Nikapandisha, nikashusha kwa kidole.
Kuna cha choo, kuna cha redio,
kuna cha ng'ombe na cha paa la nyasi.
Yeye akasubiri, mpole, kama anayesubiri chenji.

"Basi niandike hata pembeni," akasema.

Nikamwandika kiganjani kwa kalamu ya wino,
MBONEA, miaka 52, macho,
nikimwahidi nitamuuliza msimamizi.

Njoro nilikuta giza, ugali umeshaepuliwa.
Mama akaninyooshea birika na beseni,
maji ya vuguvugu, sabuni ya kipande,
nikanawa vizuri, kama nilivyofundishwa,
na beseni likawa la bluu.